Ilani ya Pande Mbili za Thuci

Sisi tunaotoa ilani hii tunatoka ng'ambo zote mbili za mto Thuci. Upande mmoja ni Waembu na Wambeere. Upande wa pili ni Wachuka, Wamuthambi, Wamwimbi, Waigoji, Waimenti, Watigania, Waigembe na Watharaka. Kati yetu wamo Wakatoliki, Wamethodisti, Wapresbiteri, Waanglikana, waumini wa kanisa la kujitegemea la AIPCA, walokole wanaosali chini ya mabati ya kukodi, na Waislamu wa mtaa wa Majengo. Hatukukusanywa na mwanasiasa, wala hatukutumwa na kanisa au msikiti. Tulikusanywa na mazishi.

Mzee aliyezikwa alikuwa jirani yetu, mkulima wa kahawa na mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa. Alibatizwa katika kanisa la baba yake, akaoa binti wa kanisa jingine, na miaka ya mwisho, miguu ilipokataa mwendo mrefu, akawa anasali na kitinda mimba wake katika kanisa la tatu lililokuwa karibu na nyumbani. Makanisa hayo hatuyataji, maana lolote tulijualo lingeweza kuwa mojawapo. Asubuhi ya mazishi zilikuja programu mbili zilizochapishwa. Moja aliileta mtoto wa kwanza ikiwa na nembo ya kanisa lake, nyingine akaileta kitinda mimba. Picha ya marehemu ilikuwa ileile katika zote mbili, ile aliyopigwa akiwa na koti la kijivu kwenye harusi ya bintiye. Wahudumu wawili walisimama chini ya hema moja, kila mmoja na kipaza sauti chake, kila mmoja akisema marehemu alikuwa muumini wake.

Saa sita ikafika, jeneza lingali juu ya meza. Mukimo ulikuwa umepoa kwenye masufuria. Mama mjane aliketi kwenye kiti cha plastiki, leso imefungwa kichwani, mikono imelala magotini, kimya. Wajukuu wakaanza kulia, na kilichowaliza kilikuwa kuwaona wajomba zao wakisukumana. Mwishowe vijana waliochimba kaburi, ambao walianza kazi alfajiri bila kuulizana nani anasali wapi, waliweka chini majembe na sepetu. Mmoja wao akamwendea mama, akapiga magoti mbele yake, wakanong'onezana. Mama akaitikia kwa kichwa. Vijana wakalinyanyua jeneza, wakaelekea nalo kaburini huku wakiimba wimbo unaojulikana katika kila kanisa. Wahudumu wakafuata nyuma pamoja na waombolezaji wengine. Mzee alizikwa saa tisa. Wale ndugu wawili hawajasalimiana hadi leo, na kati ya nyumba zao, palipokuwa na kijia cha watoto, sasa pana ua wa miiba.

Jioni ile tulibaki watu kumi na mmoja tukikusanya viti vya kukodi. Mmoja wetu akauliza swali ambalo limetufikisha hapa: ni nani aliyetugawa namna hii?

Tulikwenda kutafuta jibu, na hatukulazimika kwenda mbali. Waanglikana wa misheni ya CMS walifungua kituo chao cha Kigari, Embu, mnamo 1910. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia waliingia Meru mwaka 1911. Wamethodisti, ambao walikuwa Ribe huko pwani tangu 1862, walifika Meru mwaka 1912 na kujenga Kaaga. Mwaka 1922 Dkt. Archibald Irvine wa misheni ya Kanisa la Uskoti akaanza kazi Chogoria. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimekubaliana zisiingiliane: Embu ikawa ya Waanglikana, Chuka na Mwimbi zikawa za Waskoti, Imenti na kuendelea kaskazini ikawa ya Wamethodisti. Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo, kwa hiyo walijenga popote walipopata kiwanja.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Nyanya yako alikuwa Mpresbiteri kwa sababu alizaliwa Mwimbi. Dada yake aliyeolewa Imenti akawa Mmethodisti. Binamu yao aliyekuwa Embu akawa Mwanglikana. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa chini akapima mafundisho ya John Wesley dhidi ya yale ya John Calvin. Walilipata kanisa kama walivyoipata shule na zahanati: waliingia lililokuwa karibu. Mto ndio uliowachagulia dhehebu.

Tunasema haya kwa heshima. Shule za misheni zilitufundisha kusoma. Hospitali ya Chogoria, na ile ya Maua ambayo Wamethodisti waliianzisha mwaka 1928, zimetutoa mautini mara nyingi, na baadhi yetu tulizaliwa humo. Imani tuliyoipokea tumeifanya yetu, na ndani yake tumewazika wapendwa wetu. Hatumwombi mtu yeyote aache kanisa lake. Tunachokataa ni kuichukulia mipaka ya misheni kana kwamba iliteremka mlimani pamoja na Amri Kumi, hata watoto wa tumbo moja washindwe kumzika baba yao.

Tena wamisionari wenyewe waliona kwamba mipaka hiyo ina kasoro. Juni 1913 Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wenzao walikutana Thogoto, Kikuyu, wakapendekeza misheni zao ziwe shirikisho. Walifunga mkutano kwa kushiriki pamoja meza ya Bwana. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipopata habari aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, na mzozo ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Fikiria hilo: mkate mmoja uliomegwa Kikuyu uliwatia watu homa kule Uingereza. Shirikisho lililootwa Thogoto halikukamilika. Lakini mwaka 1918 misheni hizo ziliunda muungano wao, na kutokana nao ikazaliwa shule ya Alliance mwaka 1926. Mwaka 1955 chuo cha theolojia cha St. Paul's, Limuru, kikawa cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti kwa pamoja. Wachungaji wetu wengi wamesoma darasa moja pale na kula ugali wa sufuria moja. Basi tunawauliza, kwa adabu lakini kwa sauti: mliyoyaweza Limuru mnashindwaje kuyaweza kwenye boma la mfiwa?

Na kabla ya misheni, sisi tulikuwa nani? Wazee wa Meru husimulia kwamba tulitoka Mbwaa, mahali penye maji mengi upande wa pwani, tulikokuwa watumwa wa Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Koomenjwe akatuongoza tukatoroka. Maji yalipopisha njia, wengine walivuka usiku, wengine alfajiri, wengine jua likiwa limekwisha kutoka, na ndipo zikapatikana koo tatu: Njiru, yaani weusi, Ntune, yaani wekundu, na Njeru, yaani weupe. Wanahistoria na waendelee kubishana kuhusu mahali Mbwaa ilipokuwa. Sisi tumeshika jambo moja katika masimulizi hayo: hayasemi popote kwamba waliotangulia kuvuka waliwafungia njia waliochelewa. Waembu nao humtaja mzazi wao wa kwanza, Mwenendega, ambaye msitu wake mtakatifu ungalipo karibu na Runyenjes. Masimulizi ya asili ni mawili, na yote mawili yanaanza na watu wa nyumba moja.

Pale ambapo damu haikuwa moja, wahenga wetu waliifanya iwe moja. Wameru huita jambo hilo gichiaro, neno linalotokana na kuzaa. Ni undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo, au kundi na kundi, waliowahi kupigana au kuokoana. Mtu wa gichiaro humwagi damu yake. Humdanganyi. Huoi kwao, kwa kuwa ni dada zako. Akija nyumbani kwako na kuomba kitu, humnyimi. Wapo wazee ambao hadi leo, wakisikia mgeni ni wa gichiaro chao, husimama na kumpa kiti chao wenyewe. Watu waliojua kugeuza adui kuwa ndugu, wajukuu wao wamejifunza wapi kugeuza ndugu kuwa adui?

Lakini tuseme wazi, maana hapa ndipo ilani nyingi za umoja huharibika: upo umoja wa uongo, nao tumeuonja. Mwaka 1929 wamisionari wa Chogoria waliwataka waumini waape kuachana na ukeketaji. Waliokataa walitoka, na walikuwa wengi kiasi kwamba madawati yalibaki matupu. Kutokana na mgogoro huo, kote katika nchi hii ya mlima, zikakua shule za kujitegemea na makanisa ya kujitegemea, AIPCA ikiwa mojawapo. Miaka 27 baadaye, mwaka 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, nao walipiga marufuku ukeketaji Meru, serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yao. Wasichana wakanunua nyembe madukani, wakaenda vichakani wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri ile.

Msimamo wetu kuhusu ukeketaji hauna kona. Ni dhuluma, sheria ya mwaka 2011 inaukataza, na binti atakayeukimbia atapata hifadhi kwetu. Tunaleta habari za 1929 na 1956 kwa sababu nyingine. Mara zote mbili jambo lilikuwa la mwili wa msichana, na mara zote mbili hakuna aliyemwita msichana wala mama yake kwenye kikao. Jambo jema lililopitishwa bila wao likavunja nyumba. Mama alilala upande huu wa ukuta na baba upande ule, na kanisa likasimama katikati likihesabu walioondoka. Kunyamazisha watu si kuwaunganisha. Harakati tunayoianzisha kwa ilani hii haitapitisha neno lolote katika kikao ambacho wanawake wamekaa jikoni wakipika chai ya wanaoamua.

Vivyo hivyo hatumwambii mwanamke anayepigwa arudi nyumbani kwa jina la umoja. Tumesikia mahubiri ya namna hiyo na tunayakataa. Aliyeivunja nyumba ni mwenye ngumi. Aliyekimbia na watoto wake amejiokoa.

Kuna karatasi moja tunayotaka kila muumini aitazame kwa makini kama anavyotazama Maandiko. Baba akifa bila wosia, familia huenda kwa chifu kuandikiwa barua ya kutambulisha warithi ili kesi ya mirathi ifunguliwe. Tumeziona barua hizo. Karatasi moja, muhuri wa mviringo chini, na majina ya wana wa kiume yamepangwa kwa kufuatana kwa kuzaliwa. Mabinti hawamo. Ukiuliza, utaambiwa wameolewa. Na asiyeolewa? Utaambiwa ataolewa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, humhesabu mtoto kuwa mtoto, na Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa kijinsia kwa maneno ambayo hata mtoto wa shule huyaelewa. Lakini karatasi ile huandikwa, hutiwa muhuri na kupelekwa mahakamani, na anayeipeleka mara nyingi ni mzee wa kanisa.

Wengine husema kumkumbusha binti haki yake ndiko kunakovunja familia. Sisi tumekaa kwenye korido za mahakama za Embu, Chuka na Meru, tumewaona walioketi pale na bahasha zao za kaki. Familia huvunjika siku jina linapoachwa. Kufika mahakamani ni siku ya kulia hadharani tu. Baada ya hapo kila mtu hupoteza. Hati ya usimamizi hungoja miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na pingamizi moja hugeuza miezi kuwa miaka. Wakili hulipwa kwa bonasi ya chai. Mikahawa hukosa wa kuipogoa kwa sababu hakuna ajuaye itakuwa ya nani. Wajukuu hukua wakifundishwa kutomwamkia shangazi. Na kipande kinachogombaniwa, kikishapimwa na kugawanywa, mara nyingi hakitoshi hata zizi na shamba la sukuma wiki.

Jumapili, katika kipindi hicho chote, mahubiri huwa juu ya makao ya mbinguni. Tunawaomba wahubiri wetu washuke kidogo. Wahubiri juu ya barua ya chifu.

Umoja wa kweli tumewahi kuuona, na tunataka kuwakumbusha watu walipouona. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, nyumba moja iliweza kuwa na kijana msituni akipigana na wakoloni na kijana mwingine katika walinzi wa serikali, na mama mmoja akiwaombea wote wawili. Vijiji vilizungushiwa uzio na mitaro. Jeraha hilo halikupata daktari. Kwenye baadhi ya matuta yetu bado kuna koo ambazo haziozani, na vijana hawaambiwi kwa nini. Lakini katika miaka ileile, Wandugu wa uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, walikuwa wakikutana bila kujali huyu ni Mwanglikana na yule ni Mpresbiteri au Mmethodisti. Walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya wenzake akasema: niliiba, nilikusingizia, nilikuchukia. Kisha akarudisha alichoiba. Wengi wao walikataa kiapo cha wapiganaji wa msituni na wakakataa bunduki pia, na wapo waliolipa kwa maisha yao. Walikuwa na ukali wao, na si kila mtu aliupenda. Hata hivyo walielewa kitu ambacho kamati nyingi za maridhiano hazikielewi: upatanisho huanza na mtu kusema alichofanya, kwa jina lake, mbele ya aliyemtendea.

Na umoja uko leo, wiki hii, katika vikundi vya akina mama. Nenda kijiji chochote kati ya Runyenjes na Nkubu siku ya chama. Utamkuta Mkatoliki ndiye mweka hazina, Mpresbiteri ndiye mwandishi, mlokole ndiye anayekumbusha wasiolipa, na daftari moja la kurasa mia mbili lenye majina yao wote. Mwenzao akifiwa, kila mmoja hutoa shilingi mia mbili, hubeba kuni, hubeba maji, huja na sufuria lake. Hawajawahi kuandika katiba ya umoja wa dini. Wana daftari tu, nalo halina safu ya dhehebu. Kule Majengo, wakati wa Idi, majirani Wakristo huletewa pilau, na wakati wa Krismasi sahani hurudi zimejaa. Sahani haziruhusiwi kurudi tupu. Harakati hii imeanzia hapo, kwenye daftari na sahani, kwa kuwa hayo tayari yanafanya kazi.

Kinyume chake pia tumekiona. Kuanzia Aprili 2023 nchi nzima ilitazama makaburi ya msitu wa Shakahola, kule Kilifi, yakifukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Kabla ya njaa kuwaua, watu wale, wafuasi wa mhubiri mmoja, walikuwa wameshakatwa kutoka kwa jamaa zao. Waliuza mali, wakawatoa watoto shuleni, wakaacha kupokea simu za nyumbani. Huku kwetu hakuna Shakahola. Lakini tunamjua mama anayekatazwa kula chakula cha wazazi wake kwa sababu hawajaokoka, na tunamjua kijana aliyeambiwa asihudhurie harusi ya dada yake kwa kuwa ingefungwa mbele ya padri. Mhubiri anayekutenga na mama yako ili ubaki naye peke yake, mche. Hili halina dhehebu.

Tuseme na la siasa, kwa ufupi. Kila uchaguzi unapokaribia, bahasha huingia makanisani na waumini hutoka wakiwa vyama. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha zilizotolewa na Rais kwenye ibada ya Jumapili. Tunawaomba viongozi wetu wa madhehebu yote, kuanzia Igembe hadi Mbeere, wafuate mfano huo. Anayetaka kujenga madhabahu, na atoe kama muumini mwingine, ndani ya kikapu, bila kipaza sauti.

Kwa hiyo tunatamka haya, na kila anayejiunga anayatamka pamoja nasi.

Marehemu ni wa familia yake kwanza. Kabla ya programu kuchapishwa, mjane au mgane na watoto wote, wa kike na wa kiume, watakaa pamoja na kuamua neno moja, na makanisa yatalifuata. Wahudumu wakiwa wanne, wote wanne watagawana sala. Hatutabeba jeneza chini ya hema lenye programu mbili.

Hakuna kati yetu atakayetia sahihi barua ya warithi iliyoacha jina la binti, la mke wa pili au la mtoto aliyezaliwa nje. Mzee wa kanisa, imamu au mwanachama wa Njuri atakayejiunga nasi analijua sharti hili kabla ya kuingia.

Ugomvi wa ardhi tutaupeleka kwanza barazani. Katiba, kifungu cha 159, imeipa nafasi suluhu ya wazee, na Njuri Ncheke wana hekima ya karne nyingi katika kusikiliza pande mbili bila haraka. Tunaitaka hekima hiyo. Tunaitaka ikiwa na viti vya wanawake. Ikishindikana, mahakama iko, na anayekwenda mahakamani hatutamwita msaliti.

Wana wetu wakioana kutoka madhehebu mawili, au dini mbili, hatutawalipisha faini ya machozi. Watachagua watakaposali, na wazazi wa pande zote wataitwa kwenye ubatizo au akika ya mjukuu.

Wale walioumizana tangu Hali ya Hatari, au tangu ugomvi wowote ambao wajukuu hawajui chanzo chake, watasaidiwa kukutana wakati wazee wanaoujua ukweli wangali hai. Hilo haliwezi kungoja. Kila msimu wa mvua tunazika mashahidi.

Hatuna jina bado, wala nembo, wala ofisi, wala mwenyekiti. Hatutapokea fedha za mgombea. Tuna daftari moja, kurasa mia mbili, la aina ileile ya akina mama, na lina kanuni moja ambayo tumeijadili usiku kucha mara mbili na kuikubali: hatuandiki mtu mmoja mmoja. Kila mstari una nafasi ya majina mawili, lako na la ndugu, jirani au muumini mwenzako mliyekosana naye. Aliyepigwa au kunajisiwa halazimiki kumleta aliyemtenda. Huyo ataandikwa peke yake, nasi tutasimama naye. Wengine wote waje wawili wawili.

Kati ya wale kumi na mmoja tuliobaki tukikusanya viti, saba wamekwisha kuwaleta wenzao. Wanne bado, na mmoja wa hao wanne ndiye aliyeandika rasimu ya ilani hii. Mistari kumi na minne imejaa kufikia leo. Mstari wa kwanza kabisa tumeuacha wazi kwa ajili ya wale ndugu wawili wa ua wa miiba, na mama yao anajua hivyo.

Tunakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, karibu na daraja la Thuci. Chai ipo. Usije peke yako. Leo jioni, kabla hujalala, mpigie simu yule uliyemnyima salamu.